Swali la Tatu

Flashi yenye nafasi ya kubeba mifumo yote minne ya kuwashia kompyuta za zahanati ilikuwa moja tu dukani kwa Fundi Mbaruku: ile iliyohifadhi sauti ya marehemu mkewe, Tabu. Akaichomeka.

"Fanya haraka, fundi," alisema Sista Penina nyuma yake. "Kompyuta za zahanati zimegoma zote, na wagonjwa wamejaa."

Programu ya kuiandaa flashi ikamwandikia: kila kitu kitafutika, una uhakika? Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena. Akabonyeza. Programu hiyo huuliza mara mbili tu. Tabu ndiye aliyekuwa haridhiki mpaka aulize mara tatu.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, sista," alijibu bila kugeuka.

"Wa nini tena, fundi? Mbona sijakuuliza kitu?"

Akaitazama flashi, taa yake ndogo ikiwaka na kuzimika.