Kikohozi cha Baba

"Kile kikohozi nimekitoa, dada," fundi wa sauti aliniambia kwa furaha, tukiwa nyuma ya jukwaa. "Sasa rekodi yenu ni safi kabisa."

Nikamkodolea macho.

Kwetu Guria, mkoa wa Georgia, tunaimba kwa sauti tatu, na hakuna anayehesabu mapigo. Besi, ile sauti nzito ya chini, alikuwa Baba. Kila mara kabla ya kuanza alikohoa kidogo, kama mtu anayepiga hodi, na hapo ndipo mimi na mdogo wangu Maguli tulipoingia. Besi yake tuliirekodi jikoni, glasi ya divai ikiwa mkononi mwake. Kabla ya Pasaka tukamzika.

"Kirudishe!" nilimwambia yule fundi.

"Haiwezekani. Mnapanda sasa hivi."

Maguli alinishika mkono, kucha zake zikazama kiganjani mwangu. "Tutajuaje pa kuingia?"

"Si tutamsikia tu!" nikamjibu. Sikujua nasema nini.

Taa zikawaka. Mtangazaji wa mashindano ya nyimbo akaitaja Georgia, na Ulaya nzima ikatukazia macho kwenye runinga. Nikavuta pumzi, nikatega sikio, nikangoja. Kimya. Kimya safi kabisa, kama alivyoahidi fundi.

Kisha sauti ya Baba ikaanza, nzito, peke yake, ikaujaza ukumbi ule ambao hakuwahi kuuona.

"Ingia!" Maguli alininong'oneza huku analia. "Ingia, jamani, anatuacha!"

Kinywa changu kilikuwa wazi. Bado nilikuwa nangoja akohoe.