Masizi Shingoni mwa Ganda

Mzee Chilongola aliiegemeza bunduki ukutani, akaweka ganda moja la risasi mezani kwa fundi Nzowa.

"Nitafutie mnunuzi wa hii bunduki, fundi. Nimelenga moyo wa mbogo, nikampiga tumbo. Siku tatu namfuata, damu tu. Macho yangu yamekwisha."

Risasi zile hazikuuzwa duka lolote. Nzowa ndiye aliyezitengeneza, na baruti ya kila moja aliipima mwenyewe kwenye mizani ndogo. Akaliokota ganda. Shingo yake ilikuwa nyeusi tititi. Risasi iliyopunjwa baruti ndiyo huacha masizi namna ile, na ndiyo hushuka kabla ya kufika ilikolengwa. Akaikumbuka siku aliyomimina baruti huku akijisifu kwa mgeni, asirudie kupima.

"Ni umri, mzee wangu," alijisikia akisema.

"Ahsante kwa kutonicheka."

Nzowa alikuwa akilisugua ganda bila kujijua. Lilikuwa limeanza kung'aa, na kidole gumba kimekuwa cheusi. Chilongola akanyoosha mkono wa kuaga. Nzowa akakunja ngumi, akampa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye mikono michafu.

Mzee akakishika kwa mikono miwili, hakukiachia.