Khanga ya Siku Saba

Siku hizi anayeomba nafasi ya utafiti wa shahada ya uzamivu katika kemia ya viumbe hatumi vyeti. Hutuma khanga iliyotundikwa jikoni kwao kwa siku saba, na mashine ya chuo huinusa ili ijue pua ya mwombaji imelelewa na harufu zipi.

Mama alinipa khanga yake mpya, kisha akaenda mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakotia nanga, kuanika dagaa juma zima. Nyumba yetu yote hunuka dagaa. Niliitundika khanga ile jikoni kwa jirani yetu, Mwalimu Leokadia, na Mama aliporudi nilikuwa nimekwisha kuituma.

Jana jibu lilikuja. Nimepata nafasi. Mama akaniomba nimsomee kwa sauti.

"Tunaishukuru nyumba iliyokulea," nilisoma, "kwa mchaichai wake na sabuni yake ya waridi."

"Dagaa hawakuwataja?"

"Hawakuwataja, Mama."

"Basi hiyo mashine ina mafua," alisema, akacheka kidogo. Halafu akaitazama barua mkononi mwangu. "Mchaichai uko kwa Mwalimu, Nyanjige."

Nilikunja barua, nikaikunja tena.

"Hongera, mwanangu," alisema, akaenda kupika.

Alipoleta ugali, mikono yake ilinukia limau. Alikuwa ameisugua mpaka ikawa myekundu. Hakuketi kando yangu kama kawaida. Alichukua sahani yake akaketi mlangoni, mahali ambapo upepo usingeniletea harufu yake.