Divai ya Mwaka wa Ukame

Alikuwapo Pimbi, mama mjane aliyelima zabibu mlimani. Mwaka mmoja mvua haikunyesha kabisa. Zabibu zikasinyaa zikawa ndogo kama pilipili manga, visima vikakauka, na mwanawe wa pekee akafa kwa kiu.

Pimbi alikamua zabibu chache zilizobaki. Divai ilipokomaa aliwakaribisha majirani. Nguchiro, mpenda raha aliyekuja na mwanawe, alionja akafumba macho.

“Mama Pimbi, sijapata kunywa divai tamu namna hii! Jua kali ndilo lililoikoleza. Tuombe mwaka mwingine kama ule!”

Wote wakashangilia. Pimbi akauinamisha mtungi, divai yote ikamwagika mchangani.

“Ombeni mvua, jamani,” akasema. “Divai ikiwa chapwa tutainywa hivyo hivyo.”

Nguchiro akamvuta mwanawe karibu.