Nyungu ya Bi Mwamini

Ndani ya blanketi Kondo alikuwa akiiva kama muhogo. Chungu cha majani yanayochemka kilikaa katikati ya miguu yake, mvuke ukampanda puani, na kila alipojaribu kutoa kichwa nje, mkono wa Bi Mwamini ulimrudisha ndani.

"Vumilia, mwanangu. Itoke yote."

Iliyotakiwa kutoka ni pombe. Tangu Kondo arudi Chole kutoka vita vya Burma, mwaka wa pili ule, alikuwa akilinywa tembo kama mtu aliyetumwa alimalize. Askari wengine wa Keya, jeshi la Mwingereza, walirudi na hadithi za kuwatambia watu. Yeye alirudi na kiu.

Bi Mwamini alikuwa mama yake mdogo. Ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki, akamnyonyesha pamoja na Salehe, mwanawe wa kumzaa. Vijana hao wawili walijiandikisha jeshini siku moja, na Salehe hakurudi. Bwana Shauri, ofisa wa serikali, alikuja mwenyewe kumwambia mama mtu kwamba mwanawe kauawa na Wajapani, akampa pole, akapanda gari lake akaenda zake. Basi mapenzi ya wana wawili yakamwangukia Kondo peke yake, na hakuna aliyejua jinsi yalivyomwelemea.

Maana Kondo alikuwa na neno la kumwambia mama huyu. Kila alipolikaribia, ulimi ulimfia mdomoni. Alikwenda kilabuni kuufufua, na akirudi hawezi hata kutamka jina lake mwenyewe, sembuse neno lile.

Bi Mwamini hakuchoka. Alimpeleka kuumikwa, wakamfyonza damu mgongoni kwa pembe. Mwalimu wa chuoni akamwandikia kombe la aya kwa zafarani, likaoshwa kwa maji, akalinywa lote. Dispensari walimpa vidonge vyeupe, vikamfunga choo tu. Na kila jioni, nyungu. Majirani walicheka wakasema yule mama atampika mwanawe mpaka amle. Yeye alikwenda porini kuchuma majani mengine.

"Mama," Kondo alisema jioni ile, mle ndani ya blanketi ambamo hakuna aliyeuona uso wake. "Kuhusu Salehe..."

"Mwache Salehe apumzike, baba. Wewe pona. Ukipona wewe, nitakuwa nimewapata wote wawili."

Kondo alitoka nyunguni akaenda kilabuni. Kabla ya Isha alikuwa amelewa chakari.

Ndipo Bi Mwamini alipomwita Mwinyijuma, mganga wa pepo wa kule Visiga. Mganga alimfunua Kondo kope, akamnusa utosi, akatikisa kichwa.

"Anayekunywa si huyu," alisema. "Kijana wenu amepandwa na Mjapani. Kafia huko vitani, kamdandia huyu mpaka huku. Apungwe."

Dawa ya pepo inajulikana. Hupigiwa ngoma, naye hupanda kichwani mwa mgonjwa, husema kwa kinywa chake, hutaja ubaya wake na haja yake, kisha huombwa ashuke aende zake. Ila mganga alitoa sharti moja: mgonjwa asionje tembo juma zima kabla ya ngoma.

Kondo hakuonja. Alitetemeka, akatapika, akalia kama mtoto, na Bi Mwamini akamshika muda wote ule. Juma lilipoisha mikono ilikuwa imetulia na kichwa kimekuwa cheupe. Alikumbuka kila kitu, na aliogopa kuliko alivyoogopa vitani.

Ngoma ilichezwa alasiri, uani kwa Bi Mwamini. Watu walijaa mpaka upenuni. Kondo aliketi juu ya kigoda, ubani ukifuka mbele yake, ngoma zikimdunda kifuani, na Mwinyijuma akimzunguka na usinga.

"Sema! Umefanya nini? Sema!"

Kondo alijisikiliza. Hapakuwa na mtu yeyote kichwani mwake. Alikuwa peke yake, timamu kuliko siku yoyote tangu Burma.

Halafu akamwona Bi Mwamini. Mama wa watu alikuwa ameingia uwanjani na magoti yake mabovu, jasho linamtiririka, kanga imemteleza begani. Alikuwa akicheza kwa ajili yake. Kondo hakuweza kustahimili tena.

"Basi!" alipiga kelele. "Nyamazisheni ngoma!"

Ngoma zikanyamaza.

"Salehe nimemuua mimi," alisema polepole, ili kila mtu asikie. "Nilikuwa zamu. Alitoka mtoni kuchota maji, na giza lilikuwa limeingia. Nikamwita, hakujibu upesi, nikapiga bunduki. Nilimjua alipolia. Ni mimi niliyemuua, hakuna mwingine."

Kondo alihisi mzigo wa miaka miwili ukimtoka mabegani, akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti mchangani mbele ya mama yake. Aliinamisha kichwa angoje kofi, au laana, au lolote atakalopewa, maana lolote lilikuwa haki yake.

Bi Mwamini alikuja taratibu. Alimwekea viganja viwili utosini. Kwa kitambo alilia bila sauti. Kisha akainua uso unaong'aa kwa furaha, akapiga kigelegele, na uani kote wanawake wakakipokea.

"Amepanda!" alisema. "Ewe Mjapani wa watu, damu ya mwanangu nimekusamehe, Mungu ni shahidi wangu. Shuka sasa, uniachie Kondo wangu."