Tuko Pamoja

Hii ni ya Ngedere mpenda sifa, aliyewajengea wanyama tovuti ya kupangiana kazi walipokuwa wakichimba kisima. Ili jumuiya ionekane imechangamka, aliamuru kila ujumbe ujibiwe, "Tuko pamoja!" Basi simu zikalia kutwa. Kanga akiomba jembe, wote wanajibu tuko pamoja, na jembe haletewi.

Nguchiro peke yake hakujibu kitu.

"We Nguchiro, ukinyamaza tena nakutoa!" Ngedere alifoka.

"Mikono imejaa udongo, mkubwa," alisema Nguchiro, akaendelea kuchimba.

Siku moja Ngedere alikuwa akijipiga picha, kisima kikiwa nyuma yake, aitundike kwenye tovuti yake. Akarudi nyuma kidogo ipendeze zaidi, puu! Akatumbukia. Akaandika upesi, "Jamani, nimeanguka kisimani, nisaidieni!"

"Tuko pamoja!" akajibu Kanga.

"Tuko pamoja sana!" akajibu Ngiri.

"Pamoja wapi?" Ngedere akalia. "Mimi niko huku chini peke yangu!"

Mara kamba ikashuka. Juu alisimama Nguchiro, akihema kwa mbio.

"Kumbe ujumbe uliuona!" alisema Ngedere. "Mbona hukujibu?"

"Nilikuwa nakuja."