Mlinzi wa Kwenye Nguzo

Mjinga wa siku ile alikuwa fundi cherehani Kibwana, na mwenyewe hakatai. Halmashauri ilipofunga kamera kwenye nguzo mbele ya kibanda chake sokoni, aliacha kumwambia jirani yake muuza mitumba, Bi Zuwena, “Niangalizie.” Alimkejeli badala yake: “Pumzisha macho, Bi mkubwa. Nimepata mlinzi asiyesinzia wala kusengenya.”

Mchana alitoka kwenda kula, akarudi akakuta meza tupu. Ofisini kwa halmashauri wakamwonyesha picha za kamera: mwanamume aliyefunika uso kwa kofia anainyanyua cherehani, na Bi Zuwena anamtwisha kichwani! Zaidi ya hapo, wakamwambia, hawana la kumsaidia.

Kibwana alirudi sokoni mbio, povu mdomoni.

“We mwanamke! Wanangu watano wanakula kwa cherehani ile, nawe unamtwisha mwizi?”

Bi Zuwena aliendelea kukunja suruali zake.

“Alinisalimia vizuri, akaomba nimtwishe. Nikamtazama kwanza mlinzi wako pale juu. Nilipoona hata kikohozi hakutoa, nikajua huyu katumwa na fundi mwenyewe.”